Saratani ya matiti: Kwa nini usingizi unakimbia, na nini husaidia kuurudisha

Saa nane usiku. Nyumba nzima imelala. Mama mmoja amekaa pembeni ya kitanda anajipepea kwa kanga, nguo ya kulalia imelowa jasho. Upasuaji ulishapita, dripu za kemo zimeisha, na majirani wanamwambia "sasa umepona". Lakini usingizi haupo, na huu ni mwezi wa tano.

Kliniki akiulizwa hali yake, anajibu "naendelea vizuri". Nani ataenda kumlalamikia daktari wa saratani eti halali?

Kumbe anapaswa kusema. Kukosa usingizi ni moja ya matatizo yanayowapata sana wanawake wenye saratani ya matiti, kina sababu zinazojulikana, na kina tiba. Na hiyo tiba ya kwanza wala si kidonge.

Ni tatizo la wengi

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake takriban milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo.

Wangapi kati yao hawalali? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 823 wa saratani mbalimbali waliokuwa kwenye tibakemikali. Takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa na dalili za kukosa usingizi. Wenye saratani ya matiti ndio waliokuwa na malalamiko mengi zaidi.

Usiku mmoja mbaya si ugonjwa. Kila mtu hukosa usingizi akiwa na mawazo. Madaktari huita tatizo sugu pale ambapo mtu anachelewa kupata usingizi, au anaamka katikati ya usiku na kushindwa kurudi kulala, au anaamka mapema mno. Hali hiyo inamtokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana wake unaharibika.

Sababu 6 zinazofukuza usingizi

1. Joto la ghafla. Hili ndilo linalosumbua wengi. Saratani nyingi za matiti hukua kwa msaada wa homoni ya estrojeni, kwa hiyo dawa kama tamoksifeni huizuia isifanye kazi kwenye seli za saratani. Nyingine, kama anastrozoli na letrozoli, hupunguza homoni hiyo mwilini. Ubongo una sehemu inayopima joto la mwili, na estrojeni inapopungua sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka. Joto dogo tu linachukuliwa kama moto mkubwa: mwili unawaka, jasho linatoka, moyo unadunda, na mtu anaamka.

2. Hedhi kukoma kwa ghafla. Tibakemikali inaweza kusimamisha kazi ya ovari. Mwanamke wa miaka 38 anajikuta ndani ya wiki chache kwenye hali ambayo mama yake aliifikia taratibu kwa miaka. Jambo hili linagusa sana Afrika Mashariki, ambako wanawake wengi hugunduliwa na saratani ya matiti wakiwa bado hawajafika umri wa kukoma hedhi.

3. Dawa za kuzuia kichefuchefu na mzio. Wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni siku za kemo. Ni dawa ya msaada mkubwa, lakini huchangamsha mwili. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka hospitali akiwa amechoka hoi, halafu usiku macho yakabaki makavu kama mchana.

4. Maumivu. Kidonda cha upasuaji, bega lililokaza, mkono uliovimba baada ya kuondolewa tezi za kwapani. Dawa kama paklitakseli nazo zinaweza kuumiza neva, na mtu akahisi vidole vya mikono na miguu vinachoma au kufa ganzi.

5. Mawazo. Mchana kuna watoto, wageni, jiko. Usiku hakuna kelele ya kuyafunika maswali. Je, utarudi? Nani atawalea watoto? Hela ya kipimo kinachofuata itatoka wapi?

6. Kulala mchana. Uchovu wa saratani si wa kawaida. Hauishi hata mtu akipumzika. Kwa hiyo analala asubuhi, analala mchana, anajinyoosha jioni. Usiku ukifika, mwili hauna tena njaa ya usingizi.

Kiberiti na kuni

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Kama kemo imeisha na kidonda kimepona, mbona usingizi haurudi?

Mtaalamu wa usingizi wa Marekani, Arthur Spielman, alitoa maelezo katika miaka ya 1980 ambayo bado yanatumika mpaka leo. Alitenganisha kinachoanzisha tatizo na kinacholiendeleza.

Fikiria moto. Habari ya saratani, upasuaji na kemo ni njiti ya kiberiti iliyouwasha. Lakini njiti haiwaki miezi sita. Kinachoendeleza moto ni kuni zinazoongezwa kila siku: kupanda kitandani saa mbili usiku ili "kuwahi usingizi", kukaa kitandani asubuhi nzima kufidia, kuangalia saa kila baada ya dakika kumi, kuingia kwenye simu, na kuogopa usiku hata kabla haujafika.

Baada ya muda, kitanda chenyewe kinageuka. Ubongo unakizoea kama mahali pa kukesha na kuwaza. Ndiyo maana mtu anaweza kusinzia kwenye kochi mbele ya televisheni, kisha akifika kitandani tu, macho yanafunguka.

Habari njema ni kwamba kuni zinaweza kuondolewa, hata kama njiti ilishawaka zamani.

Kwa nini si jambo la kuvumilia tu

Kukosa usingizi kunaongeza maumivu, hasira, usahaulifu na hatari ya sonona. Lakini kwa mwenye saratani ya matiti kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: kuacha dawa kimyakimya.

Vidonge vya homoni hunywewa kwa miaka 5, na wengine mpaka 10. Mwanamke anayeamka amelowa jasho kila usiku anaweza kuamua mwenyewe kwamba tatizo ni kile kidonge, akakiweka kabatini. Kliniki anasema bado anakunywa.

Gharama ya uamuzi huo ni kubwa. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye saratani inayotegemea estrojeni, kutumia tamoksifeni kwa takriban miaka 5 kulipunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo.

Kwa maneno mengine, kumsaidia mwanamke alale kunaweza kuwa njia ya kumsaidia abaki kwenye dawa inayomlinda.

Tiba ya kwanza si kidonge

Mwaka 2016, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilitoa mwongozo: mtu mzima yeyote mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya fikra na tabia, kabla ya vidonge. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ulisema hivyo hivyo.

Ni tiba ya mazungumzo na mazoezi ya nyumbani, kwa kawaida vikao 4 hadi 8. Ina sehemu kuu hizi:

Kurudisha kazi ya kitanda. Kitanda kiwe cha kulala na tendo la ndoa tu. Panda ukisikia usingizi, si kwa sababu saa imefika. Ukikaa kama dakika 20 hujalala, toka, kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilochangamsha, kisha rudi usingizi ukija. Usiangalie saa, kadiria tu. Kwa anayeishi chumba kimoja, kiti au mkeka pembeni unatosha. Kinachotakiwa ni kutoka kitandani, si lazima kutoka chumbani.

Kupunguza muda wa kukaa kitandani. Hii inashangaza wengi. Tuseme mtu anapanda kitandani saa tatu usiku na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, lakini analala masaa 6 tu. Yuko kitandani masaa 9, na theluthi moja nzima ni kugaragara. Mtaalamu anaweza kumpangia alale saa sita usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Siku za mwanzo ni ngumu. Lakini usingizi unakuwa mzito na wa kuungana, na akifikia kulala angalau asilimia 85 ya muda wake wa kitandani, anaongezewa dakika 15 au 20, kidogo kidogo.

Hatua hii ifanywe na mtaalamu akijua, hasa kwa mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, au anayeendesha gari na mashine. Kwa kawaida muda haupunguzwi chini ya masaa 5.

Kushughulikia mawazo. "Nisipolala leo, saratani itarudi." Wazo kama hilo linatosha kumkesha mtu. Mtaalamu humsaidia mgonjwa kulipima: lina ukweli gani, na linamsaidia nini saa nane usiku? Njia moja rahisi ni kutenga dakika 15 jioni, kuandika yanayosumbua na hatua ya kesho, halafu kufunga daftari.

Kutuliza mwili. Kupumua taratibu, kukaza na kulegeza misuli sehemu moja baada ya nyingine.

Je, inafanya kazi kwa wenye saratani?

Ndiyo, na imepimwa kwao hasa. Mwanasaikolojia Josée Savard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, Canada, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya jaribio la wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Waliopata tiba hii walilala vizuri zaidi, na hata wasiwasi na huzuni vilipungua.

Mwaka 2014 timu hiyo ilitoa jaribio lingine la wanawake 242. Baadhi walikutana na mtaalamu, wengine walipewa video na vijitabu vya kutumia nyumbani. Waliokutana na mtaalamu walifanikiwa zaidi, ila wa video nao walipata nafuu kuliko wasiopewa chochote. Hilo ni muhimu kwa nchi zetu, ambako waliosomea tiba hii ni wachache. Kama hakuna mtaalamu wa usingizi, mwanasaikolojia, daktari wa akili au muuguzi wa tiba shufaa hospitalini anaweza kuwa mlango wa kuanzia.

Mazoezi nayo yamo

Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha mwaka 2017 jaribio la wanawake 90 waliopona saratani ya matiti na wenye tatizo la usingizi. Nusu walipata tiba ya fikra na tabia, nusu walifundishwa tai chi, mazoezi ya taratibu yenye asili ya China, kwa miezi 3. Mwezi wa 15 walipopimwa, asilimia 43.7 ya kundi la kwanza na asilimia 46.7 ya kundi la tai chi walikuwa na nafuu ya maana. Yaani karibu sawa.

Huko Rochester, jaribio la mwaka 2013 lenye watu 410 waliomaliza matibabu ya saratani, wengi wao ya matiti, lilionyesha kwamba yoga ya upole iliboresha usingizi na kupunguza matumizi ya dawa za usingizi.

Si lazima mtu atafute mwalimu wa tai chi Kariakoo. Kutembea asubuhi penye mwanga wa jua kunasaidia saa ya mwili kujipanga. Mazoezi mazito ni vizuri yasiwe karibu na muda wa kulala.

Kama tatizo ni joto la ghafla

Hapa daktari ana dawa za kutumia. Venlafaksini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona, hupunguza vipindi vya joto. Gabapentini nayo ilipunguza tatizo hilo katika jaribio la wanawake 420 wenye saratani ya matiti lililochapishwa mwaka 2005, na kwa kuwa inasinzisha, wengine huinywa usiku.

Tahadhari mbili ni muhimu.

Kwanza, si kila dawa ya sonona inapatana na tamoksifeni. Paroksetini na fluoksetini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu. Kwa hiyo usiazime dawa ya jirani hata kama "yeye ilimsaidia".

Pili, vidonge vya kuongeza homoni, ambavyo baadhi ya wanawake hupewa wakikoma hedhi, kwa kawaida havipewi aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Jaribio moja lililoanzia Sweden lilisimamishwa mwaka 2003 baada ya saratani kurudi zaidi kwa waliopewa homoni hizo.

Vipi kuhusu dawa za usingizi?

Zina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo: muda mfupi, kwa kipindi kigumu kama siku za baada ya upasuaji au kemo, kwa maelekezo ya daktari.

Kwenda duka la dawa na kuomba "kile kidonge cha kulala" ni jambo jingine. Dawa za jamii ya diazepamu zinazoea mwili haraka, zinaacha uzito wa kichwa asubuhi na zinaongeza hatari ya kuanguka. Zikichanganywa na mofini au dawa nyingine kali za maumivu, au na pombe, zinaweza kupunguza pumzi mpaka mtu akafa. Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani asiongeze kidonge cha usingizi bila daktari wake kujua.

Zolpidemu nayo inahitaji uangalifu kwa wanawake. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huitoa dawa hiyo taratibu kuliko ya wanaume.

Aliyekwisha kuzoea vidonge hivi asiache ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Na dawa za asili? Mwambie daktari kila unachokunywa, iwe chai ya majani, unga au matone. Baadhi hugongana na dawa za saratani, na nyingine zina kemikali zinazofanana na estrojeni.

Mambo ya kuanza nayo leo

• Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

• Chai ya rangi, kahawa na soda za kola ziishie mchana. Kafeini huchukua takriban masaa 5 kupungua nusu mwilini.

• Ukilala mchana, iwe kabla ya saa tisa alasiri na isizidi nusu saa.

• Kama unapewa deksamethasoni, muulize daktari kama dozi zote zinaweza kunywewa asubuhi au kabla ya saa nane mchana.

• Kwa joto: nguo nyepesi ya pamba, shuka badala ya blanketi, maji ya baridi pembeni, na kanga kavu karibu ili usiwashe taa kutafuta.

• Kwa maumivu: lala chali au kwa ubavu ambao haukufanyiwa upasuaji, mkono ukiwa juu ya mto. Dawa ya maumivu inywewe kwa saa zake, si kusubiri yapande.

• Simu ikae mbali na mto.

• Kwa wiki 2 andika: ulipanda kitandani saa ngapi, ulilala takriban saa ngapi, uliamka mara ngapi, na kwa nini. Karatasi hiyo ipeleke kliniki. Daktari mwenye dakika tano ataelewa zaidi kwa karatasi hiyo kuliko kwa "silali vizuri".

Muone daktari mapema kama

• Unakoroma sana na kushtuka kama uliyekabwa. Huenda ni tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambalo tiba yake ni tofauti.

• Miguu inakusumbua usiku hadi lazima uichezeshe. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuwa sababu.

• Una maumivu mapya ya mfupa yanayokuamsha, kikohozi kisichoisha, kubanwa pumzi au homa. Ukiwa kwenye kemo, homa ni dharura, usingoje asubuhi.

• Umepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki 2, au unapata mawazo ya kujidhuru. Hilo halisubiri tarehe ya kliniki.

Wa nyumbani wafanye nini?

Mume, dada au binti anaweza kusaidia bila kuwa daktari. Kazi za alfajiri zigawanywe. Mtoto anayelala na mama ahamishiwe kwa shangazi au bibi kwa muda, kama nafasi ipo. Wageni wa jioni waombwe kuja mchana. Na neno "jikaze" liwekwe pembeni, maana hakuna anayeweza kujikaza akalala.

Siku ya kliniki, anayemsindikiza anaweza kumsaidia kutaja tatizo. Sentensi moja inatosha kufungua mazungumzo: "Daktari, ana miezi mitano halali, na anafikiria kuacha vidonge kwa sababu ya joto la usiku."

Hapo daktari ana la kufanya. Anaweza kubadili muda wa dawa, kutibu joto au maumivu, au kumtuma kwa mwanasaikolojia. Pale dawa moja ya homoni inapomshinda kabisa, anaweza kufikiria kumpa nyingine. Asichoweza kufanya ni kutibu tatizo ambalo hakuambiwa.